Gapi jike aliyetengwa amezaa mara ya tatu: mbegu alizitoa wapi?

Mtazamaji wa Tangi: Ndugu wafugaji wa samaki, naomba maelezo. Zaidi ya miezi mitatu iliyopita nilimtenga jike mmoja wa gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, katika tangi lake mwenyewe, kwa sababu madume walikuwa wakimfuatafuata mchana kutwa hata hapati nafasi ya kula. Tangu hapo amezaa mara tatu. Juzi, lile doa jeusi lililo karibu na mkia lilipokolea na tumbo likawa na pembe kama sanduku, niliketi nikamtazama akitoa watoto mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidondoka hali amejikunja, kisha akijinyoosha na kukimbilia penye majani. Dume hayumo kabisa. Je, samaki huyu hujizalia peke yake?

Kijito: Nadhani jibu ni rahisi kuliko unavyodhani. Dume wa gapi hukomaa upesi, pengine kabla hajatimiza miezi miwili, kwa hiyo huenda mmoja wa watoto wa uzazi wa kwanza alibaki tangini akampanda mamaye. Uliwatoa wote?

Mtazamaji wa Tangi: Wote, siku ileile waliyozaliwa, na tangi halina majani mengi kiasi cha kumficha hata mmoja.

Mzee wa Mto: Basi dhana ya Kijito, ambayo kwa kawaida ningeiunga mkono, haisimami hapa. Jike wa gapi akishapandwa huhifadhi mbegu za dume katika mikunjo ya njia yake ya uzazi kwa miezi kadhaa, naye huzitumia kidogo kidogo, akizaa takriban kila baada ya siku 21 hadi 30 kutegemea joto la maji. Mayai hayatagwi, hukua tumboni kwa kutegemea kiini chao, na mtoto hutoka akiwa tayari kuogelea na kujitafutia chakula. Ndiyo maana hata dume aliyekwisha kufa huweza kuendelea kupata watoto.

Tabia hii ina manufaa makubwa kule kwao, katika mito ya Trinidad na kaskazini mwa Amerika Kusini, kwani jike mmoja mwenye mimba akifika katika dimbwi lisilo na gapi anatosha kuanzisha ukoo mzima. Watu nao waliitumia walipompeleka katika nchi nyingi ili ale viluwiluwi wa mbu, ingawa mimi binafsi siwasifu kwa hilo, maana akishaingia mtoni hatoki.

Kijito: Nakubali kusahihishwa. Ila mbona madume humsumbua jike hivyo, ilhali mbegu anazo?

Mzee wa Mto: Kila dume anataka watoto wawe wake. Mtazame vizuri: hujipinda mfano wa herufi S mbele ya jike na kutetemeka, akionyesha madoa yake, jike asipomjali, humnyemelea kwa nyuma na kumchoma kwa lile pezi la chini lililogeuka kijiti cha kupitishia mbegu. Palipo na samaki wanaokula samaki wenzao, dume hupunguza kucheza na kuzidisha kunyemelea, kwa kuwa mchezo humwonyesha kwa adui pia.

Rangi nazo hufuata hatari hiyo. Katika milima ya kaskazini ya Trinidad, maporomoko huwazuia samaki wakubwa kupanda, hivyo madume wa juu hung'aa kuliko wa chini. Mwaka 1976 mwanabiolojia John Endler alihamisha gapi kutoka sehemu yenye maadui hadi kijito cha juu kisichokuwa na gapi, na baada ya miaka 2 hivi wazao wao wa kiume walikuwa na madoa mengi na makubwa zaidi.

Mtazamaji wa Tangi: Nashukuru sana. Basi nitaongeza majani na kutarajia uzazi wa nne, nikihesabu siku kuanzia juzi.