Wasichana wanaazima riwaya za Kiingereza lakini hawavuki kurasa za mwanzo: tufanyeje?

Mwalimu wa Nyegezi

Walimu wenzangu na wazazi, salaam. Ninafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya bweni ya wasichana hapa Mwanza, na tangu muhula uliopita nimekabidhiwa pia maktaba, kwa maana ya kukabidhiwa funguo, kwani mkutubi aliyesomea kazi hiyo hatuna. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikifuta vumbi rafuni, niligundua kwamba riwaya nyingi za Kiingereza, ambazo kwa mujibu wa daftari la kuazimia zimetoka na kurudi mara kadhaa, zimechakaa kurasa chache za mwanzo tu. Pembe zimekunjika, alama za vidole zimejaa, na hapa na pale neno limepigiwa mstari kwa penseli na maana yake kuandikwa juu kwa Kiswahili. Kisha ghafla karatasi inakuwa safi kana kwamba kitabu kimetoka dukani jana. Katika kitabu kimoja nilihesabu maneno kumi na manne yaliyopigiwa mstari ukurasa wa kwanza, tisa ukurasa wa pili, mawili ukurasa wa tatu, na baada ya hapo hakuna kitu.

Wengi wa wasichana hawa walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu, na sasa karibu masomo yote wanafundishwa kwa Kiingereza. Baadhi ya wenzangu wanapendekeza turudishe kibao cha kuvalishwa shingoni anayeongea Kiswahili bwenini. Mimi sina imani nacho. Naomba ushauri.

Baba Tausi, Igoma

Mwalimu, kibao hicho kiacheni. Binti yangu alikivaa alipokuwa kidato cha kwanza, na alichojifunza ni kunyamaza. Ningependa pia kujua maktaba yenu hufunguliwa saa ngapi, kwa sababu aliposoma yeye ilifunguliwa saa kumi jioni, saa ambayo wasichana wote walikuwa bombani na ndoo zao, na wakati wa prepo, yaani vipindi vya kujisomea, ilikuwa na kufuli.

Mkutubi Mstaafu

Mwanangu, maneno yale kumi na manne yamekwisha kukujibu. Wataalamu wa kufundisha lugha wanakadiria kwamba msomaji asiye na msaada anahitaji kujua takriban maneno 98 kati ya kila 100 ili afuate hadithi bila kuchoka. Ukurasa wa riwaya ya kawaida una maneno kama 250, kwa hiyo akikutana na mageni matano amefika mpakani. Msichana wako alikutana na kumi na manne, akajikaza ukurasa wa pili, na kupungua hadi mawili ukurasa wa tatu si kwamba alikuwa ameanza kuelewa. Alikuwa ameweka penseli chini. Wafundishe kufungua ukurasa wowote wa katikati na kukunja kidole kimoja kwa kila neno wasilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu kirudi rafuni bila aibu, kichukuliwe chepesi zaidi.

Tatizo la pili ni upangaji. Katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, lugha ya Kiingereza hukaa 420 na fasihi yake 820, nao ni mpangilio mzuri kwa anayejua anachotafuta, lakini pale kwenye 820 kitabu chepesi na kigumu husimama bega kwa bega. Acha namba ziwepo, ila ongeza kipande cha karatasi ya rangi mgongoni: kijani kwa vyepesi, njano kwa vya kati, nyekundu kwa vigumu. Vitabu mnavyoletewa kama msaada vichambue bila huruma. Niliwahi kufungua katoni nikakuta miongozo ya kodi ya nchi nyingine. Na ukiwa mjini, pita Maktaba ya Mkoa. Iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na kushauri shule ni sehemu ya kazi yake.

Binti wa Nansio

Shikamooni. Ninakubaliana na mzee kuhusu vidole, ila nina neno moja. Riwaya ya Aniceti Kitereza, Mkerewe mwenzetu aliyeiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2002 katika tafsiri ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe. Ni kitabu kinene na kwa kipimo cha mzee kingebandikwa nyekundu. Hata hivyo mwalimu wetu alitusomea vipande kwa sauti wakati wa prepo, na kwa kuwa pombe ya ndizi na ugomvi wa wakwe tulivijua tangu nyumbani, maneno mageni tuliyakisia wenyewe. Ugumu hauko katika maneno peke yake.

Mwalimu wa Nyegezi

Ahsanteni nyote. Baba Tausi, yetu nayo ilikuwa saa kumi. Nimeomba ihamie saa ya kwanza ya prepo, na makamu mkuu wa shule amekubali kwa siku tatu za juma. Karatasi za rangi nimeshanunua. Jana nilijaribu vidole na mkondo mmoja wa kidato cha kwanza, na zaidi ya nusu ya darasa walirudisha vitabu vyao na kuchagua vingine, huku msichana mmoja akiniuliza, kwa Kiingereza, kama dole gumba nalo linahesabiwa.