Tupeane uzoefu: rambo zilipopigwa marufuku, mlizoea vipi?

Wadau, habari za leo. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, zile rambo zetu. Siku zile gumzo sokoni lilikuwa moja: nyama tutabebea nini? Leo mwanangu wa darasa la pili haijui rambo, na mimi natoka na kapu bila hata kufikiri. Sheria tunaijua, naomba kila mtu aeleze alivyoishi mwenyewe.

Muuza samaki, Mwanza:
Rambo nilikuwa nampa mteja bure. Mifuko mbadala ikaja ya kununua, na mwenye hela ya sato mmoja hataki kuongeza ya mfuko. Tuligombana sana. Tena samaki ana maji, mfuko wa karatasi unachanika kabla mtu hajafika stendi. Kuna akina mama wawili watatu wakaanza kuja na ndoo ndogo za rangi zenye mfuniko. Wenzao wakaiga, hakuna aliyewaambia. Sasa anayekuja mikono mitupu ndiye anaona aibu. Faini zilitutisha, lakini waliotuzoesha ni wale akina mama, na ninawashukuru mpaka leo.

Muuza mahamri, Mombasa:
Kwetu Kenya marufuku ilianza 28 Agosti 2017, faini shilingi za Kenya milioni mbili hadi nne au jela. Nani angethubutu? Nilirudia magazeti, wino ukawa unashika kwenye mahamri, wateja wakalalamika na walikuwa na haki. Siku hizi watoto hutumwa na bakuli, vile nyanya zetu walivyokuwa wakitutuma sisi.

Mdau, Unguja:
Sisi tulitangulia Bara. Bibi yangu pakacha lake hakuwahi kuliacha, kwa hiyo yeye hakuwa na la kuzoea.

Mdau, Dar es Salaam:
Samahani, tusijisifu mapema. Vile vifungashio vyepesi visivyo na mishikio bado watu wanabebea nyanya na vitunguu, na mitaro ya mtaani kwetu imejaa vifungashio hivyo hivyo. Tumezoea kukosa rambo, plastiki hatujaiacha. Linaniuma, kwa sababu mvua ikinyesha maji yanaingia ndani.

Mwanzisha mada:
Mdau wa Dar, hilo ni kweli na hata gengeni kwetu lipo. Wenye magenge, mteja asiye na kapu mnamfungia nyanya kwenye nini?