Plagi za IST: nibadilishe mwenyewe au niwaachie gereji kubwa?

BintiKihesa:
Wakuu, heshima kwenu. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 2NZ, cc 1300. Siku hizi asubuhi nikiiwasha inatetemeka kwenye sailensa (ikinguruma tu bila kukanyaga mafuta), na nikipandisha mlima wa Ipogolo kuingia Iringa mjini inamisi, nakanyaga mafuta haivuti. Taa ya injini imewaka. Nimeipeleka gereji moja kubwa, wakachomeka mashine, wakasema plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, zimechoka, zote nne na ufundi laki mbili na themanini. Sikatai kulipa jasho la mtu, ila nimeona video za watu wakizitoa wenyewe. Kaka ana boksi la spana nyumbani. Mimi sijawahi kufungua kitu chochote kwenye injini. Naweza? Na nikienda vibaya, ninaharibu nini?

MzeeWaSpana:
Binti, unaweza. Injini za NZ ni katika zile rahisi kabisa. Plagi ziko juu, zimejipanga mstari mmoja, ukitoa kava ya plastiki unaziona koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, kila moja imekalia plagi yake na imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Tafuta boksi (soketi) ya plagi namba 16, ile yenye mpira ndani unaoishika plagi isidondoke, pamoja na ekstensheni ndefu na racheti.

Cha kuogopa ni vitu viwili. Cha kwanza, usifungue injini ikiwa ya moto. Hedi, yaani kichwa cha injini plagi zinapofungwa, ni aluminiamu, plagi ni chuma, na kwenye joto nyuzi za hedi (mikato ya skrubu) zinaweza kutoka pamoja na plagi. Iache ilale, ufanye asubuhi kabla hujaiwasha.

Cha pili ndicho kinachoua hedi za watu: kuingiza plagi mpya upande. Racheti iweke mbali kabisa mwanzoni. Tumbukiza plagi ikiwa kwenye boksi na ekstensheni tu, shika ekstensheni kwa vidole, uizungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka usikie imeshuka kidogo. Hapo nyuzi zimekutana. Sasa zungusha kwenda kulia. Inatakiwa iteremke kwa vidole hadi igote. Ikikaza mapema, itoe uanze upya, usiilazimishe. Ikishagota ndipo unaweka racheti: plagi mpya yenye washa (ile pete ya chuma chini ya kichwa chake) inataka kama nusu mzunguko tu. Ukipata torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya kuazima, weka Nm 18.

Kabla ya kutoa plagi yoyote puliza matundu kwa pampu, maana vumbi la barabara zetu likidondokea kwenye silinda linakwangua kuta zake. Na fanya moja moja, toa hii, funga mpya, nenda inayofuata.

Kibo_Kaskazini:
Mzee, nakuheshimu, ila hapa napingana nawe. Dada hajawahi kushika spana. Nyuzi zikifa, hedi inatengenezwa nyuzi mpya au inashushwa kabisa, na hiyo gharama itazidi laki mbili na themanini. Gereji wakiharibu, mzigo ni wao. Amtafute fundi wa mtaani anayemwamini, asimame pembeni aangalie.

MzeeWaSpana:
Kibo, hoja yako inasimama kwa plagi ambazo hazijaguswa miaka mingi. Ikigoma kufunguka, aache hapo hapo amwite fundi. Lakini mafundi wengi nimewaona wanakaza plagi kwa nguvu zote za bega, na aliyekuja baada yao ndiye anayelaumiwa nyuzi zikitoka. Mwenye gari anayefanya kwa utulivu na injini ya baridi, namwamini zaidi.

Spea_Mbeya:
Nachangia kwenye kununua. Nenda na plagi ya zamani mkononi, usome namba yake. Ikiisha na 11, kama K16R-U11, maana yake gepu, ile nafasi ya kurukia cheche, ni milimita 1.1. Zile 16 za mbele ni kiwango cha joto, usikubali uchomekewe namba nyingine kwa kuwa "zinaingia". Za kawaida zinahesabiwa kilomita 20,000 hivi, za iridiamu hadi 100,000. Feki zimejaa. Ishike ile washa ya kwenye nyuzi ujaribu kuizungusha itoke: kwenye plagi halisi haitoki kirahisi, feki inachomoka. Na iridiamu usiigonge wala kuibana kurekebisha gepu, ncha yake ni nyembamba sana.

AnnaM_Moro:
Dada, mashine ilitoa kodi gani, ile namba ya hitilafu? Isije ikawa koili, ukabadilisha plagi zote na tetemeko likabaki.

BintiKihesa:
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Kodi ni P0303.

AnnaM_Moro:
Hiyo ni misi kwenye silinda ya tatu, hesabu kuanzia upande wa cheni. Hamisha koili ya tatu uiweke ya pili, na ya pili uilete ya tatu, futa kodi, endesha. Ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, plagi au kitu kingine kwenye silinda hiyo. Haikugharimu hata senti.

BintiKihesa:
Nimechomoa koili ya tatu leo asubuhi. Mpira wake umelowa oili, na nikimulika tochi ndani ya tundu naona oili imetuama mpaka kufunika plagi. Matundu mengine makavu.

MzeeWaSpana:
Marahaba binti. Usiitoe hiyo plagi kwanza. Ukiifungua hivyo hivyo, oili yote inashuka kwenye silinda. Ifyonze kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, kisha funga kitambaa kwenye bisibisi ukaushe hadi chini.

Oili inatoka kwenye tapeti kava, mfuniko wa juu ya hedi. Raba za matundu ya plagi zimekauka, zinapitisha, na cheche inapotelea pembeni badala ya kuruka kwenye gepu. Ukibadilisha plagi peke yake, misi itarudi. Nunua gasketi ya tapeti kava pamoja na raba za matundu, na hiyo kazi mpe fundi. Plagi ufunge wewe mwenyewe kava ikishakaa. Mpira wa koili ya tatu ukikuta umelainika na kuvimba, badilisha mpira wenyewe kama Spea_Mbeya anao, la sivyo koili nzima.

Spea_Mbeya:
Raba na gasketi za 2NZ ninazo. Mpira wa koili peke yake naulizia kesho, nitajibu hapa hapa.