Nani hufungia gazeti, na nani hufungia redio?

Mwalimu wa Soweto, Moshi
Ndugu zangu, wanafunzi wangu wa somo la Uraia wameniuliza swali nisilotaka kulijibu kwa kubahatisha. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na kutafuta habari. Iweje basi gazeti liwajibike kwa Idara ya Habari (MAELEZO) na redio kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na anayefungiwa akimbilie wapi?

Wakili wa Sekei
Mwalimu, chanzo ni masafa. Masafa ya redio ni mali ya umma na yana kikomo, hivyo lazima awepo wa kuyagawa. Ndiyo kazi ya TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na Kamati yake ya Maudhui husikiliza malalamiko dhidi ya vipindi. Gazeti halitumii masafa, lakini Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ililitaka liwe na leseni badala ya usajili wa sheria ya 1976, nayo leseni huombwa upya kila mwaka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye rungu lenyewe, kwa kuwa mhariri anayengoja leseni hujihariri kabla hajakemewa na yeyote.

Kwa kuwa gazeti la karatasi na mtandao vina wasimamizi tofauti, Oktoba 2024, TCRA iliposimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, magazeti yake ya karatasi yaliendelea kuuzwa.

Mhariri mstaafu, Ngarenaro
Kuhusu pa kukimbilia, Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapahapa Arusha. Gazeti la Mseto lilifungiwa miaka mitatu Agosti 2016. Juni 2018 mahakama hiyo ikaamua kuwa amri ile ilikiuka Mkataba wa Jumuiya, na Machi 2019 ikavikosoa vifungu kadhaa vya sheria ya 2016. Hata hivyo, leseni ya Mseto ilirudishwa Februari 2022, kwa tangazo la waziri. Hesabu mwenyewe, Mwalimu: adhabu ya miaka mitatu ilizidi mitano, na ushindi mkononi.

Mwalimu wa Soweto, Moshi
Nashukuru, mzee wangu. Je, ni lazima kuanzia mahakama za hapa nchini?

Wakili wa Sekei
Si lazima, ila Mkataba unatoa miezi miwili tu ya kufungua shauri tangu uamuzi utolewe au mlalamikaji aujue. Wengi hukwama hapo, wakisubiri barua yao ya kuomba radhi ijibiwe.