Narudi nyumbani Agosti, viza inaisha Machi: super yangu nitaipataje?

Nuru_Melbourne

Wakuu, habari za leo. Nipo Melbourne kwa viza ya mwanafunzi, mwaka wa tatu sasa. Masomo nimemaliza, mama anaumwa, tiketi ya Agosti nimeshakata. Kinachoninyima usingizi ni super, ile akiba ya uzeeni ambayo mwajiri wa Australia anakuwekea kwenye mfuko.

Miaka yote hii nimefanya kazi ya kutunza wazee. Unaamka saa kumi alfajiri, unawaogesha, unawavalisha. Kuna bibi wa miaka 91, kila nikimfunga vifungo vya sweta alikuwa ananishika kidole gumba, haniachii mpaka nifike kifungo cha mwisho. Nimepita kwa waajiri watatu, na kila mahali nilijaza fomu ya mfuko wao bila kuuliza. Juzi nimejumlisha salio za mifuko yote mitatu: 6,200, 2,300 na 900. Dola 9,400. Hilo ni jasho langu.

Je, naweza kutoa kabla sijaondoka, nimtangulizie mama hela ya matibabu? Na viza kubaki hai mpaka Machi kuna shida yoyote? Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anasema atanifuatilia kila kitu, achukue asilimia 15.

Mzee_wa_Perth

Dada Nuru, pole sana kwa kuuguliwa. Mimi niliondoka Agosti 2022, nitakwambia nilivyopita.

Kabla ya kuondoka, hapana. Mwenye viza ya muda haruhusiwi kutoa kwa sababu ya shida ya fedha kama wanavyoruhusiwa raia. Mlango wake ni kuondoka, labda awe na ugonjwa usio na tiba au ulemavu wa kudumu. Mwaka 2020, wakati wa korona, walituruhusu kutoa hadi dola 10,000, lakini ruhusa hiyo kwetu ilikoma Juni 30 mwaka huohuo. Kwa hiyo matibabu ya mama yapangie hela nyingine, usiihesabu hii.

Masharti ni mawili na yote lazima yatimie: uwe umetoka Australia, na viza iwe imekwisha au imefutwa. Hapo ndipo Machi yako inapogusa. Ukikaa nyumbani na viza bado hai, ombi halipiti. Ama usubiri Machi, ama uwaandikie uhamiaji waifute.

Ombi lenyewe ni bure, unalijaza kwenye tovuti ya ATO, mamlaka yao ya kodi. Unaweza kuanza kulijaza ukiwa bado huko, ila kulituma ni baada ya kutoka. Likikamilika, mfuko una siku 28 za kulipa. Sasa huyo wa asilimia 15 anataka kukutoza dola 1,410 kwa fomu ambayo mimi niliimaliza kwa chini ya saa moja. Tafadhali dada, usimpe hata nakala ya pasipoti.

Halafu jiandae kwa kodi. Kwa wengi wetu ni asilimia 35, inakatwa hukohuko na hairudi hata ukijaza ritani. Kwenye 9,400 yako zinaondoka 3,290, unabaki na 6,110. Waliowahi kushika viza ya kufanya kazi likizoni wanakatwa asilimia 65 tangu Julai 2017. Inaniuma mpaka leo: mtu ametunza wazee wa watu, na uzee wake mwenyewe unakatwa theluthi nzima na zaidi.

Kosa langu lilikuwa haraka. Enzi zile mwajiri alikuwa anapeleka michango kila robo mwaka. Nikadai mara tu viza ilipofutwa, nikalipwa, halafu Oktoba zikaingia dola 412 za zamu zangu za mwisho. Ikabidi nianze ombi jipya. Hakikisha mchango wa mwisho umeingia kwanza.

Kibuyu88

Naongezea kwa alichosema mzee. Unganisha hizo akaunti tatu kupitia myGov, tovuti ya huduma za serikali yao, ukiwa bado huko, maana kila mfuko unakata ada yake na ile ya 900 italiwa polepole. Kabla ya kuunganisha tazama kama ndani ya mfuko kuna bima utakayoipoteza.

Na benki usifunge! Mimi nilifunga ya kwangu siku mbili kabla ya ndege, mfuko ukasema unalipa akaunti ya Australia tu. Namba ya simu pia niliiachia, msimbo wa kuingilia myGov ukawa unakwenda kwenye laini iliyokufa. Miezi minne nahangaika.

Rehema_B

Mdogo wangu, kuhusu kufuta viza, fikiri mara mbili. Kama kuna uwezekano hata kidogo wa kurudi kabla ya Machi, mfano una mahafali au kesi ya mshahara, usiifute. Hela haipotei. Miezi 6 ikipita tangu uondoke na viza iishe bila wewe kudai, mfuko unaipeleka ATO, na kule unaidai kwa njia ileile. Ila ukija kupata ukazi wa kudumu, basi, inabaki huko mpaka umri wa kustaafu kama ya wenyeji.

Nuru_Melbourne

Asanteni sana, shikamoo mzee. Nimeamua nitasubiri Machi, mahafali yangu ni Desemba na natamani nirudi kuyahudhuria mama akipata nafuu. Yule wa asilimia 15 nimeshamjibu.

Nimefungua myGov usiku huu. Mfuko wa tatu una michango ya miezi miwili tu, na pale nilifanya kazi miezi mitano. Hati za mshahara zinaonyesha super kila wiki mbili. Mzee, nianze kwa mwajiri au niende moja kwa moja ATO?

Mzee_wa_Perth

Mwandikie mwajiri kwanza, kwa barua pepe, ambatisha hizo hati zote, mpe wiki moja. Akikaa kimya, ATO wana fomu ya kuripoti super isiyolipwa. Fanya kabla ya Agosti.