Kingo za zege za bustani zimepasuka ndani ya miezi 5 (Uyole, Mbeya). Naomba ushauri

BintiUyole:
Wakuu, habari za jioni. Mbele ya nyumba nina vitanda viwili vya maua, kimoja cha miwaridi aliyoipanda mama. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri, anatembea akigusa ukingo kwa fimbo, ndiyo maana nikataka zege. Mwezi wa 8 fundi alimwaga mita 30 kwa siku moja, kesho yake akabandua mbao, nikamlipa. Zilipendeza sana.

Sasa ni Januari, nyufa ziko 5. Ule wa kwenye kona, sarafu ya shilingi mia inaingia wima. Upande wa chini ukingo umelalia njia, maji yanatuama kitandani na miwaridi miwili imeoza mizizi. Fundi mwingine anasema simenti ilikuwa kidogo. Ni kweli?

FundiNyanda:
Pole dada. Upana na kimo kiasi gani? Mifuko mingapi? Alichimba na kushindilia? Alikata jointi, yaani mikato ya kupokea ufa? Zege mlilimwagilia siku ngapi?

BintiUyole:
Upana sm 15, kimo sm 20. Mifuko 6 ya kilo 50. Alikwangua nyasi tu, kushindilia sikuona. Jointi hakuna, kuna mita 9 mfululizo. Kumwagilia hakuniambia.

FundiNyanda:
Basi simenti usiilaumu. Hiyo ni mita za ujazo 0.9, na kwa 1:2:4 (simenti 1, mchanga 2, kokoto 4) mifuko 6 inatosha.

Zege likikauka linasinyaa, kwa hiyo litapasuka tu. Kazi ya fundi ni kulichagulia mahali. Kila mita 1, likiwa bado bichi, unakata kwa mwiko kuingia robo ya kimo au zaidi kidogo, ufa unajificha humo. Halafu udongo wetu huu mwepesi, mvua ikiuingia bila kushindiliwa unatitia na ukingo unaufuata.

Chimba sm 15, ondoa mizizi yote, weka moramu (udongo wa changarawe) sm 5, nyunyizia maji, shindilia mpaka kisigino kisizame. Ukishamwaga, funika kwa magunia mabichi siku 7. Agosti ya Uyole ni jua na upepo, zege linanyonywa maji kabla halijakomaa.

Mtwivila_Maua:
Niko Iringa, yalinikuta hayo. Upande wa chini pitisha ukingoni vipande vya bomba la nusu inchi kila mita moja na nusu ili maji yatoke, nyuma yake weka kokoto ili udongo usizibe. Na mtaro wa kumwagia zege ukae mbali na shina la mwaridi. Mimi nilikata mizizi ya wangu kwa jembe, haukupona.

Kijana_Ilemi:
Si upange mawe tu? Yako mengi huku.

BintiUyole:
Mawe fimbo ya mama inakwama, ndugu yangu. FundiNyanda, nibomoe zote?

FundiNyanda:
Hapana. Panda juu ya kila kipande. Kinachocheza, bomoa. Kilichotulia, ziba ufa kwa simenti na mchanga laini, kiache. Ila subiri mvua zikatike, Mei hivi.

BintiUyole:
Nimetoka na tochi sasa hivi. Vipande 3 vinacheza, vyote upande wa chini. Vingine havitikisiki. Kwa sasa nimemwekea mama kamba kwenye vigingi upande huo mpaka Mei. Asanteni sana, nitaleta mrejesho.