Makaa ya vifuu: tukope mashine kwanza?

Kumbi_Likoni: Salaam wakuu. Kikundi chapanga kutengeneza makaa ya vifuu vya nazi za soko la Kongowea, Mombasa, wachoma mishikaki wapunguze makaa ya mikoko. Lengo ni kilo 100 kwa siku. Tukope kwanza mashine ya kushindilia unga wa makaa uwe vitofali?

Pipa200: Hesabuni vifuu kabla ya mashine. Kilo 100 za vifuu vikavu hutoa makaa kilo 25 hadi 30. Lengo lenu lataka vifuu kama kilo 350–400, yaani nazi zipatazo 2,500 kila siku. Vya madafu msivitie hesabuni, havijakomaa na vimejaa maji.

Tanuri nalo lina mambo. Pipa la matundu ni rahisi, lakini moshi wake una methani na monoksidi ya kaboni. Ukiachwa upae, mikoko imepona na hewa imechafuka. Afadhali pipa lililofungwa, moto ukiwa nje, na bomba la kurudisha moshi motoni uungue. Hapo hata kuni hupungua. Msilifungue mpaka kesho yake: makaa ya moto yakipata hewa huwaka upya, mkabaki na jivu.

Daftari: Naongeza upande wa pesa. Mashine ikizidi vifuu, rejesho la mwezi halingoji. Mtu ataenda kununua vumbi la makaa ya msituni ajazie, na lengo la kuokoa mikoko limekufa. Mkopo upimwe kwa vifuu.

Ulizeni pia riba yahesabiwa vipi. 14% juu ya mkopo wote, kwa mwaka mmoja wa marejesho ya kila mwezi, ni sawa na kama 25% juu ya salio linalopungua. Murabaha, yaani mkopeshaji anunue kitu kisha awauzie kwa faida mliyokubaliana, ni safi kwa mashine, ila hainunui mishahara. Na masika, Aprili hadi Juni, makaa hayakauki, huota ukungu. Ombeni malipo madogo miezi hiyo.

Kumbi_Likoni: Shukran. Na gundi ya kushikanisha unga wa makaa?

Pipa200: Unga wa muhogo kilo 5 kwa kilo 100 za makaa yaliyosagwa na kupita chekeche ya milimita 3. Upikeni uji mzito mpaka ung'ae, mbichi haushiki. Udongo wa kuongezea uzito, hapana: jivu huziba jiko. Anikeni siku 3 hadi 5, kisha dondosheni kitofali kimoja kwenye saruji kutoka kimo cha mita 1. Kikivunjika, kausheni zaidi kabla ya kuongeza gundi.